Miguu Iliyonyamaza

Mukamazimpaka alikuwa na kitendawili kwa kila kitu, hata kwa miguu yake mwenyewe. Wakati ilipokuwa bado inamuuma, aliwakusanya wajukuu uani kwake Gisenyi, jioni wakingoja viazi viive, akapaza sauti:

"Sakwe sakwe!"

"Soma!" wakaitikia, kama wanavyoitikia watoto wote wa Rwanda wakitegewa.

"Niko na majiko mbili. Sitii kuni, sitii makaa, na usiku yote inawaka."

Wajukuu wakataja Nyiragongo, ule mlima unaotia wekundu mawingu ya upande wa Goma. Wakataja jua. Mmoja akataja pilipili, akachekwa. Walipochoka, bibi akavua soksi, akanyoosha miguu mbele yao.

"Ndo hii majiko yangu."

Watoto walicheka naye akacheka nao, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Miguu ilimwaka kuanzia vidoleni, ikamchoma kama mtu anayemchovya kwenye kaa la moto na kumtoa, kumchovya na kumtoa. Hata shuka likigusa kidole aliruka. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakamwambia ana sukari, wakampa vidonge na kumtaka arudi kila mwezi. Vidonge alivimeza, ila moto haukuzimika upesi kama alivyotaka, na yeye hakuwa mtu wa kungoja.

Ndipo mwanawe Cyiza akaanza kumpeleka kwenye chemchemi za maji moto, kule Nyamyumba kando ya ziwa. Wanawake hukaa pale juu ya mawe, sketi zimekunjwa magotini, wakiloweka viungo vinavyouma na kusimuliana habari za mji mzima. Mukamazimpaka alipapenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa na vitendawili, wao walikuwa na masikio. Na kidogo kidogo, juma baada ya juma, moto wa miguuni ukapungua. Ukapungua mpaka siku moja alilala akaamka asubuhi bila hata mchomo mmoja.

"Maji imeniponya," aliwaambia wenzake.

Alikuwa sasa anaweza kukaa karibu kabisa na pale maji yanapotokea, mahali ambapo wengine walitia kidole wakakitoa mbio.

"Huyu mukecuru iko chuma!" walimshangaa kikongwe huyo.

"Chuma mulikiona wapi kinacheka?" aliwajibu, nao wakacheka.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akatoa ushuhuda mbele ya watu wote. Alisema Mungu ameweka dawa yake ndani ya ardhi, akaichemsha mwenyewe, akampa maskini bure. Watu wakapiga makofi. Aliporudi nyumbani alivisukuma vidonge vya sukari nyuma ya ndoo ya unga. Angevimeza vya nini, na miguu ilikuwa kimya?

Siku moja akapigiwa simu kutoka Bugeshi, kule juu chini ya milima, kwenye baridi na viazi. Aliyepiga ni Uwamariya, rafiki yake wa tangu ujana. Walikuwa wasichana pamoja Masisi, huko Kongo, wakaolewa vilima jirani, wakarudi Rwanda katika msafara mmoja, kila mmoja na godoro lake kichwani. Mmoja akabaki mjini, mwingine akapanda kulima. Waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, kama watu wazima wanavyoheshimiana.

"Mama Cyiza! Bihogo amezaa!"

"Urongo!"

"Haki ya Mungu. Jike! Jike kabisa, na iko na alama nyeupe mu paji."

Mukamazimpaka aliweka simu kifuani, akafumba macho kidogo. Bihogo alikuwa mtamba alipompa Uwamariya, mwaka ule Uwamariya alipofiwa na mumewe. Na kwa desturi ya nchi, aliyepewa ng'ombe humrudishia mwenzake ndama jike wa kwanza, akishakua na kuacha kunyonya. Kitendo hicho huitwa kwitura. Hakuna anayedai wala anayedaiwa. Ni shukrani inayorudi nyumbani kwa miguu minne.

"Nakuja kumuona kesho," alisema.

"Na ile miguu yako?"

"Miguu gani? Mi sina habari ya miguu tena."

Kesho yake aliondoka mapema, amevaa raba za kitambaa alizonunuliwa na Cyiza na kitenge cha sikukuu. Aliposhuka kwenye gari barabarani alifuata njia ya kwenda kwa Uwamariya, ambayo ni ya mawe ya volkano, mengine makubwa kama chungu, mengine madogo yenye makali kama meno ya msumeno. Ili kufupisha njia akakata katikati ya shamba la viazi. Udongo ulikuwa umetifuliwa; mguu wa kulia ukazama, raba ikamvuka kisigino. Akaishika, akairudisha mguuni na udongo wake na vyote vilivyomo, akaendelea. Alikuwa na haraka ya kuona alama nyeupe pajini.

Alipofika hakukuta furaha aliyoitegemea. Ndama alikuwepo, ndiyo, amesimama kwa miguu iliyotanuka kama meza mbovu, ananyonyeshwa kwa chupa. Lakini mama yake alikuwa amelala ubavu nyuma ya nyumba, shingo imenyooka, macho makubwa yanawatazama watu.

"Hajasimama tangu alipozaa," Uwamariya alisema. "Ndama alikuwa mukubwa sana. Tulivuta, tukavuta. Akatoka. Bon, mama yake akajaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa."

Kayitare, mwana wa Uwamariya, mtu mzima mwenye mke na watoto, alisimama pembeni amekunja mikono.

"Shangazi, nisamehe," alimwambia Mukamazimpaka. "Mimi ninampenda sana kama wewe. Lakini ng'ombe asiyesimama anaoza akiwa hai. Muchinjaji wa Kanzenze anafika saa sita. Veterineri naye nimemwita, aangalie mara ya mwisho. Akisema hapana, basi."

Mukamazimpaka alikaa chini kwenye majani, karibu na kichwa cha Bihogo, akamkuna nyuma ya sikio. Nzi akatua ubavuni mwa ng'ombe. Ngozi ikatetemeka pale pale, kipande kisichozidi kiganja, nzi akaruka. Sehemu nyingine ya mwili haikujitikisa.

"Sakwe sakwe," alisema kwa sauti ndogo, ili tu kimya kisizidi.

"Soma," Uwamariya akajibu huku anapangusa macho.

"Mulinzi wangu hana mikono. Mugeni akitua ku nyumba, anamufukuza, na mwenye nyumba hata hageuki."

"Ngozi ya ng'ombe na nzi," alijibu mtu nyuma yao.

Alikuwa veterineri. Kijana wa miaka thelathini hivi, buti za mpira, begi begani, koti la mvua limejaa matope ya pikipiki. Aliitwa Valens. Wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, naye alizaliwa na kusomea huko Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno kwa masikio ya watu wa Bugeshi.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mama."

"Uuu!" Mukamazimpaka alishangaa. "Huyu anasema sawa radio. Baba, nani alikupa jibu yangu?"

"Nimekaa na ng'ombe miaka mingi, bibi. Vitendawili vyao ninavijua." Akapiga magoti. "Sasa tumwulize huyu wa kwake."

Akamshika Bihogo masikio, akasema ni ya moto, vizuri. Akasikiliza moyo. Sindano ya kalsiamu alikuwa amemchoma jana, na shingo ilikuwa imepata nguvu, kwa hiyo si ule ugonjwa wa maziwa unaowaangusha ng'ombe wakishazaa. Kisha akaeleza, mikono ikiwa kazini. Ndama mkubwa akipita, hubana mishipa ya fahamu ndani ya nyonga, ile inayoshuka miguuni. Mshipa uliobanwa unaweza kupona ukipewa muda. Uliokatika haurudi. Alitaka kujua huyu ni yupi.

Akatoa koleo ndogo, akaiweka kati ya kwato za mguu wa nyuma, akabana.

Mguu ukajivuta.

"Umeona!" Kayitare akapiga kelele. "Umejivuta! Mama, umejivuta!"

"Ngoja kwanza," Valens alisema. "Hiyo bado si habari njema. Hiyo ni habari nusu."

"Nusu namna gani? Mguu umetembea au haukutembea?"

Valens akakaa juu ya visigino vyake. "Kaka, ukigombana na jirani yako kwa ajili ya mpaka, unakwenda wapi kwanza? Kwa mkuu wa mudugudu, kijiji chenu. Mambo madogo anayamaliza yeye, hapo hapo, hangoji Kigali. Basi uti wa mgongo ndio mkuu wa mudugudu. Ukimbana mnyama mguu, habari inapanda mpaka mgongoni, na mgongo unatoa amri, 'Vuta!' Mguu unavutwa kabla kichwa hakijajua kitu. Hata nzi wa bibi, ngozi inamfukuza kwa amri ya mgongo. Mimi ninataka kujua kama habari imefika Kigali."

"Na utajua namna gani?" Uwamariya akauliza.

"Atanitazama kwa hasira."

Wote wakasogea. Hata Kayitare alipiga magoti. Valens akabana tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na kushikilia. Mguu ukajivuta. Mukamazimpaka alikuwa ameshika kichwa cha Bihogo kwa mikono miwili, akausikia msuli wa shingo ukikaza chini ya viganja vyake. Kisha kile kichwa kizito kikaponyoka mikononi mwake, kikageuka nyuma, na Bihogo akatoa mlio mrefu wa kulaumu, macho yamemkazia kijana.

"Asante, mama," Valens alimwambia ng'ombe. "Samahani sana, na asante sana."

Akaujaribu na mguu wa pili. Ukajivuta kwa uvivu zaidi, lakini jicho la lawama likaja tena.

"Habari imefika Kigali," alisema. "Usimchinje. Mtandikie majani mengi. Mgeuzeni ubavu huu na huu, mchana na usiku, asilalie mguu mmoja. Maji karibu na mdomo. Tumpe siku."

Uwamariya aliinua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili na kwa maneno ya Masisi yasiyo na lugha. Kayitare akaenda pembeni kumpigia simu mchinjaji asije.

Mukamazimpaka alikuwa amejawa na furaha mpaka akarudiwa na utundu wake.

"Na miye?" alimwambia Valens. "Unipime na miye, mwanangu. Uone kama Kigali yangu inafanya kazi ao imefunga."

"Mama Cyiza, acha mchezo," Uwamariya akasema, lakini alikuwa anacheka.

"Niache nini? Niko mukubwa kuliko Bihogo, nina haki." Akanyoosha mguu wa kulia kwenye majani, akageuza uso upande wa milima, kama mtu anayepigwa sindano. "Haya. Ila usilete ile koleo. Chukua nyasi."

Valens akachuma unyasi mrefu. Akamvua bibi raba kwa adabu, akaiweka kando.

Mukamazimpaka akangoja, anatazama ukungu unavyokaa juu ya mlima. Akangoja tena.

"We Valens, unaogopa nini? Anza."

Akapiga paja kwa kiganja.

"Anza basi, baba! Ao nyasi imeisha Bugeshi?"

Alipogeuka aliona uso wa Uwamariya kwanza, na kicheko kilikuwa kimetoka usoni pale. Kisha akamwona Valens. Kijana alikuwa ameshika unyasi kwa mkono mmoja, ncha yake iko katikati ya unyayo wake, inatembea. Inatembea juu, inatembea chini. Akautazama unyasi ukipita juu ya ngozi yake mwenyewe, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya ziwa.

"Hujasikia, bibi?"

"Nini?"

"Nimeanza zamani."

Akaigeuza raba ya kulia juu ya kiganja. Udongo wa viazi ukatoka, na pamoja nao jiwe dogo jeusi, la ukubwa wa punje ya hindi, lenye makali pande zote. Ndani, soli ilikuwa imelowa. Valens akainua mguu wa bibi mwangani. Chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo, na damu iliyochanganyika na matope. Kisigino nacho kilikuwa na lengelenge kubwa lililopasuka, la siku nyingi, la maji ya moto.

"Hii uliipata lini?"

Hakujua. Kwa mara ya kwanza maishani aliulizwa swali kuhusu mwili wake, na jibu alikuwa nalo mgeni.

"Lakini haiumi," alisema polepole. "Haiumi hata kidogo. Ilikuwa inauma. Ikapona. Nilitoa ushuhuda."

Valens aliweka mguu juu ya goti lake, akauosha kwa maji safi ya chupa, na alipokuwa akiufunga alizungumza naye bila kumtazama usoni, kama watu wenye huruma wanavyofanya.

"Haikupona, bibi. Ilinyamaza. Mimi si daktari wa watu, utakwenda kwao, lakini mishipa ya fahamu ni ile ile, kwako na kwa Bihogo. Una sukari?"

"Banasema niko nayo."

"Sukari ikizidi kwenye damu inaua wajumbe wanaobeba habari. Na wenye safari ndefu ndio wanaotangulia kufa. Safari gani ni ndefu kuliko ya kidole cha mguu mpaka kichwani? Ule moto uliokuwa unawaka usiku, ni wao walikuwa wanalia. Walipokufa, wakanyamaza. Bihogo anapigiwa kelele na mguu wake, ndiyo maana tunaweza kumsaidia. Wewe mguu umetobolewa na jiwe tangu shambani, na hata mkuu wa mudugudu hakupata habari."

Mukamazimpaka akatafuta kitendawili cha kujibu. Badala yake alimkumbuka Bizumuremyi, jirani yake wa Gisenyi, fundi wa baiskeli, mtu wa kucheza ngoma kwenye kila harusi. Kilianza kidonda kidogo mguuni kama kung'atwa na mbu. Aliendelea kukikanyaga kwa kuwa hakikumuuma. Sasa anakaa mlangoni kwake, suruali upande mmoja imekunjwa na pini.

"Watanikata?" aliuliza.

"Tukienda leo, sidhani. Tukienda mwezi ujao, sijui."

"Ndama sijamushika hata."

"Ndama atakungoja," Uwamariya alisema. Alikuwa tayari anamfunga rafiki yake kitenge mabegani kwa ajili ya baridi ya pikipiki. "Na we usiniletee kichwa ngumu leo, Mama Cyiza. Tulitoka Masisi na miguu ine. Sitaki tuzeeke na tatu."

Hospitalini walimlaza. Walikata nyama iliyoharibika, wakaosha, wakafunga, na katika kazi hiyo yote Mukamazimpaka alilala amejikaza akingoja uchungu usiofika. Hicho ndicho kilichomtoa machozi. Muuguzi alidhani anaumia, akamshika mkono, akamwambia pole mama, jikaze. Angemweleza vipi kwamba analia kwa sababu haumii?

Daktari, mama mmoja mwenye miwani aitwaye Robinah, alisema jiwe lilikuwa bado halijafika mfupa. Mguu unaweza kubaki, lakini kwa masharti: vidonge kila siku bila kuchagua, kutokukanyaga mpaka kidonda kifunge, na maji moto basi.

"Na hisia, docta? Itarudi?"

Robinah hakumdanganya. "Chini ya nyayo, sina hakika. Labda kidogo, labda hapana. Lakini tunaweza kuzuia isipande juu." Akampitishia pamba mguuni, kuanzia vidoleni kwenda juu, amemtaka afumbe macho na kusema akisikia. Vidole, kimya. Unyayo, kimya. Kifundo, kimya. Upana wa vidole vinne juu ya kifundo, Mukamazimpaka akashtuka.

"Hapo!"

"Hapo ndipo mpaka wako. Kuanzia hapo uko nyumbani."

Akiwa kitandani, simu za Bugeshi zilikuja kila siku. Bihogo amegeuzwa. Bihogo amekula. Kayitare, yule aliyekuwa amemwita mchinjaji, sasa analala zizini na kumgeuza ng'ombe usiku kama mtoto mchanga. Kisha asubuhi moja Uwamariya alipiga simu akawa hasemi, anapiga tu vigelegele, na nyuma yake ng'ombe analia, na Kayitare anapaza sauti, "Simama, mama, simama hivyo hivyo!" Wodi nzima ilisikia. Wagonjwa wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Alipotoka hospitali alitoa vidonge nyuma ya ndoo ya unga, akaviweka juu ya meza karibu na Biblia, na akajifunza kazi mpya. Asubuhi na jioni alikaa kwenye stuli, akashika kioo kidogo chini ya unyayo, akaukagua kama mtu anayechambua maharagwe. Maji ya kuoga aliyapima kwa kiwiko. Raba, kabla ya kuvaa, alitia mkono ndani mpaka mwisho.

"Bibi, unatafuta nini mu kiatu?" mjukuu aliuliza.

"Miguu yangu imekuwa bubu. Mukono inaiulizia njia."

Na kanisani alisimama tena. Mchungaji alidhani atasimulia hospitali. Yeye alisema amekuja kushukuru kwa maumivu. Watu wakatazamana. Akawategea:

"Sakwe sakwe! Mugeni akibisha hodi, ninalia. Asipobisha, nyumba inaungua na miye niko ndani nacheka."

Kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, Bizumuremyi akajibu kwa sauti nzito kutoka kitini kwake.

"Uchungu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mukamazimpaka alimwinamia kichwa kutoka mbele, naye akamwinamia, na baada ya ibada wanawake watatu wenye sukari walimfuata nje kumuuliza anakaguaje nyayo zake.

Kiangazi kilipofika, ndama akawa ameacha kunyonya. Uwamariya akatengeneza siku ya kwitura. Walikaa uani, wakanywa maziwa ya Bihogo, ambaye alichechemea kidogo upande mmoja lakini alikwenda mwenyewe malishoni na kurudi mwenyewe. Valens naye alialikwa. Kayitare akamleta ndama kwa kamba, amemsugua mpaka ngozi inang'aa, alama nyeupe pajini kama nyota.

"Mama Cyiza," Uwamariya alisema amesimama, kitenge kimefungwa vizuri, "ulinipa ng'ombe nilipokuwa peke yangu. Leo nakuitura."

Mukamazimpaka akapokea kamba, akashukuru kama inavyotakiwa. Kisha akageuka.

"Valens. Uko na ng'ombe ngapi?"

"Mimi, bibi? Ninatibu wa watu. Wangu sina."

"Veterineri bila ng'ombe! Ni sawa mupishi mwenye njaa." Watu wakacheka. "Kwetu Gisenyi mi nitamuweka wapi, mu salon? Atabaki hapa kwa mama yake, Kayitare atamulisha. Lakini ni wako. Njoo ushike."

Valens alisimama, akafungua mdomo, na kile Kiswahili chake kilichonyooka chote kikampotea. Akashika kamba kwa mikono miwili. Ndipo akakumbuka anachopaswa kusema mtu aliyepewa ng'ombe, akapaza sauti kwa Kinyarwanda ili majirani nao wasikie kwamba Mukamazimpaka amempa ng'ombe: "Mukamazimpaka yampaye inka!"

Ndama akashtuka kwa kelele, akaruka, na kwato yake ikatua juu ya raba ya bibi.

Uwamariya akapiga kelele. Watu wote wakavuta pumzi. Mukamazimpaka alikuwa bado anatabasamu. Alipoona nyuso zao, akatazama chini, akaiona kwato.

"Aa," alisema. "Yoo, inauma sana! Munisaidie kulia, Kigali iko mbali."

Wakacheka mpaka maziwa yakamwagika. Valens alimsukuma ndama, akapiga magoti, akamvua bibi kiatu, akakagua mguu mbele na nyuma. Ulikuwa mzima. Alipokuwa bado ameushika, ndama akarudi, akainamisha kichwa akitafuta chumvi, na kumlamba bibi mguuni, kuanzia kidole gumba kwenda juu. Mukamazimpaka aliutazama ulimi ukipanda. Ukapita kifundo.

Kisha akashika bega la Valens kwa nguvu.

"Ngoja. Usimutoe."

Ulimi ulikuwa mnyevu na mkali kama msasa, wa moto, wenye pumzi, na ulikwaruza ngozi yake mpaka karibu na goti, ukarudi ukakwaruza tena.

"Anakwaruza huyu," alisema, machozi yanamshuka na mdomo unacheka. "Mama Kayitare, anakwaruza! Muache aendelee."